Jani la Pili Ndani ya Sufuria

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, pikipiki ilisimama mbele ya banda letu la kukaushia mimea, na mtu akaingia bila kubisha hodi akiwa amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa leso. Nina hakika na saa hiyo. Nilikuwa nimetoka tu kuwasha jiko la kukaushia, na kwetu jiko likiwashwa lazima wakati uandikwe ukutani kwa chaki, maana ukilisahau majani hugeuka makaa.

Aliyeingia alikuwa Wycliffe, mwendesha bodaboda wa stendi iliyo karibu na msitu. Tulimjua vizuri. Mara nyingi alitubebea mizigo, na alikuwa na mzaha mmoja ambao hakuchoka kuurudia: hizi mboga mnachumanga kila siku, mbona hamzipikangi? Asubuhi ile hakuwa na mzaha. Mkewe na watoto wake wawili walikuwa hospitali. Walikuwa wamekula mboga ya lisutsa iliyolala, pamoja na obusuma, ugali wetu, ya jana, na haikuchukua muda wakaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Binti yake mdogo, Ayuma, alikuwa akichuma vitu hewani kwa vidole. Daktari alimwambia akimbie na sufuria kwa watu wa mimea, akaulize ni majani gani hayo.

Aliiweka sufuria mezani, juu ya ramani zetu. Niiache hapo kidogo. Ninyi vijana mnaokuja siku hizi kujifunza kazi hii, wengine kutoka chuo cha Sigalagala na wengine kutoka vyuo vya mbali, hamtaelewa kilichotokea siku ile bila kujua jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi.

Mimi sikuisomea. Niliacha shule kidato cha pili, karo ilipokwisha, nikaajiriwa kufyeka njia msituni ili wataalamu wapite. Jioni nilisaidia kubadilisha magazeti. Mmea ukichumwa hubanwa kati ya kurasa za gazeti, kisha kati ya mbao mbili zilizokazwa kwa mikanda, na magazeti yakilowa unayatoa na kuweka makavu. Kiingereza nilijifunza hapo. Nilizijua habari zote za dunia, ila miezi sita baada ya kutokea. Majina ya Kilatini nilijifunza kwenye lebo, moja moja, kama mtu anavyojifunza majina ya wakwe.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Lihanda, mkusanyaji mkuu wa hifadhi yetu ya mimea mikavu. Mtu mwembamba, koti moja la kaki, mvua na jua. Mengi ninayowaambia ni yake. Andika rangi ya ua kabla hujalibana, kwa sababu rangi ndiyo ya kwanza kuondoka. Jani moja ligeuze tumbo juu, ili atakayekuja baada yako aone mishipa ya chini. Kwaruza gome kwa kisu na unuse, halafu andika ulichonusa hata kama ni samaki. Tunda lenye maji lipasue kwanza. Hilo la mwisho sikulisikia. Wiki yangu ya kwanza nililibana tunda zima, likapasuka na kugandisha kurasa nne pamoja. Lihanda alizibandua polepole, akazitazama, akasema nimegundua spishi mpya: gazeti lenye mbegu.

Siku nyingine mbuzi wa jirani aliingia bandani na kula nusu ya tawi ambalo tulipanda mti mzima kulifuata. Nilidhani nitafukuzwa. Lihanda aliibandika nusu iliyobaki na kuandika kwenye lebo, kwa mwandiko wake mzuri: "Sehemu ya juu iliondolewa na mbuzi." Lebo hiyo ipo hadi leo. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Haongezi, hapunguzi.

Alikuwa na sheria moja kuu. "Mmea usio na ua ni uvumi." Ukimletea tawi la majani matupu hakuligusa, alikuonyesha kwa kidevu shimo la takataka nyuma ya banda. Sheria hiyo haikuwa yake peke yake. Ndiyo msingi wa kazi yote ya kuainisha mimea. Koo za mimea hupangwa hasa kwa maua na matunda yao. Majani hubadilika kwa kivuli, kwa mvua, kwa umri. Mti mmoja unaweza kuwa na majani ya namna tatu. Ua halina tabia hiyo. Kwa hiyo tulichuma vyenye maua na matunda, na makabati yetu yakajaa mimea mizima, mikubwa, iliyokomaa. Mche mdogo uliochipuka juzi hakuna aliyeuchuma. Tulikuwa na sampuli za miti adimu ambayo watu husafiri kuvuka bahari kuja kuiona. Magugu ya kando ya njia, katika utoto wake, hatukuwa na hata moja, wala hakuna aliyeona kwamba yanakosekana.

Sasa turudi kwenye sufuria.

Lisutsa, kwa wale mliokulia mbali na Magharibi, ni managu. Mama zetu huichemsha, humwaga maji ya kwanza, hutia maziwa na kuiacha ilale mpaka kesho ili uchungu utulie. Hautulii wote, na hakuna anayetaka utulie wote. Kwa hiyo mtu akikuta uchungu kwenye lisutsa hashtuki. Anatabasamu na kukata tonge lingine.

Tulimimina mboga kwenye trei nyeupe yenye maji safi. Jani lililochemshwa hufunguka likielea. Ukililazimisha kwa kidole hupasuka, kwa hiyo unalisukuma kwa brashi laini. Lihanda alishika lenzi. Wycliffe alisimama nyuma yetu, nikisikia pumzi zake. Tuliyatenga majani moja baada ya jingine. Mengi yalikuwa lisutsa, hapakuwa na shaka. Lakini mengine hayakuwa. Yalikuwa laini, bila meno, na kitako cha kila jani hakikuwa sawa: upande mmoja ulishuka kwenye kikonyo chini kuliko mwingine. Tulifungua kabati la ukoo wa mnavu, ukoo ambamo lisutsa ni ndugu wa viazi, nyanya, pilipili na tumbaku, na pia wa mimea miovu. Tulitoa jalada moja baada ya jingine. Mimea yote ilikuwa mikubwa, majani mapana yenye meno, maua yake, matunda yake. Hakuna iliyofanana na vijani vile vya kwenye trei.

Nilimnong'oneza Lihanda kwamba labda ni mche mchanga wa mojawapo ya hiyo. Alinijibu, naye kwa kunong'ona, kwamba "labda" si jina.

Kisha akamgeukia Wycliffe na kumwambia ukweli wote aliokuwa nao, kama alivyomwambia kila mtu.

"Humu mna jani la pili. Sitalitaja mpaka nilione likiwa limesimama, na ua lake."

"Jani la pili limeingiaje kwa sufuria yangu?"

"Hilo si swali la mimea."

Mtu wa kazi yetu akisikia maneno hayo anasikia uangalifu. Wycliffe alisikia jambo jingine kabisa. Nilimwona akitulia ghafla, kama mtu aliyepewa alichokuja kutafuta. Nilimuuliza mboga alinunua wapi. Alisema kwa Mama Dan, sokoni, fungu moja la shilingi thelathini. Alilitaja jina hilo taratibu. Akatoka, na nikamsikia akiongea na simu kabla hajawasha pikipiki. Alikuwa akirudia neno kwa neno: watu wa mimea wamesema kuna jani la pili.

Mama Dan aliitwa Rosa Imali. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja aliyefanya kazi mbali, na aliuza mboga za kienyeji kwenye meza ya tatu kutoka langoni. Mimi pia nilinunua kwake. Mwezi uliotangulia aligombana na mke wa Wycliffe, aliyeuza nyanya, kuhusu nani aweke meza mahali penye kivuli. Ugomvi wa soko, wa maneno tu. Imali alikuwa amemwambia mwenzake kwamba hicho kivuli utakiacha. Kila mtu aliyasikia maneno hayo, na hakuna aliyeyakumbuka mpaka Jumanne ile.

Simu ya banda ililia. Alikuwa daktari Muhonja, mama wa makamo aliyekuwa zamu. Nilianza kumweleza kwamba hatujui bado, akanikatiza kwa upole.

"Macho yao nimeyaona, weusi wote umefunguka, na ngozi zinawaka. Matibabu nimeanza. Jina nalitaka kwa sababu ya hawa watu walio nje ya wodi. Wanasema ni mtu amewatilia sumu."

Hapo ndipo Lihanda alipovaa koti lake.

Tulikwenda kwanza sokoni. Imali alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, mafungu yake ya lisutsa yamepangwa, yamenyunyiziwa maji. Nilimweleza. Alishika kichwa, kisha akasema kitu ambacho kila mwenye duka huanza nacho, kwamba yeye mwenyewe alikula mboga ya shamba hilo hilo jana. Kisha akauliza wagonjwa wanaendeleaje, wale watoto wawili na mama yao. Ndipo akatueleza shamba liko wapi: kipande alichokodi kando ya kijito. Alisema msimu huu mboga imekubali kwa sababu alinunua mbolea ya ng'ombe iliyoletwa na lori kutoka Likuyani.

Lihanda alimwambia afunge meza aje nasi. Alikataa. Alisema akiondoka watasema ametoroka. Alisema tena, kwa Kiswahili chake kile kile cha kila siku, "Mimi nitaketi hapa. Nyinyi endeni mulete hilo jina."

Tulikwenda haraka. Shamba lilikuwa dogo, safi, limepaliliwa. Lisutsa ilikuwa imechumwa kwa kukatwa ncha, na mashina yakabaki ardhini yakichipua upya. Hapa ndipo nataka msikilize kama wanafunzi. Mchumaji huchukua majani. Hachukui shina la chini wala majani ya mbegu, yale mawili ya kwanza kabisa ambayo mche hutoka nayo ardhini. Hayo hubaki. Ukitaka kujua kilichochumwa jana, piga magoti uangalie visiki.

Tulianza pande mbili tofauti, tukitambaa. Visiki vya lisutsa vilikuwa na majani ya mbegu mafupi, ya mviringo. Mstari baada ya mstari, lisutsa tupu. Jua lilikuwa limepanda. Nilifika kwenye kona ya juu, mahali ambapo lile lundo la mbolea lilikuwa limewekwa kabla ya kutawanywa. Udongo ulikuwa mweusi na miche imebanana. Huko kulikuwa na visiki vinene kidogo, vyenye wekundu shinani, na majani ya mbegu marefu na membamba kama kwato za mbuzi zilizonyooshwa. Nilimwita. Alikata kimoja, akakisugua kati ya vidole, akanusa, akanipa na mimi. Kilinuka vibaya, kama panya. Harufu hiyo maji ya moto huiondoa yote. Ndiyo maana sufuria haikutuambia kitu. Nilichimba udongo kwa kisu nikapata mbegu ambayo haikuota: nyeusi, bapa, umbo la figo, imejaa vishimo.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Lakini jina halikuwa langu kulisema. Lebo zilisainiwa na yeye. Lihanda alikaa chini kwenye udongo na koti lake, mbegu kiganjani. Hakukuwa na ua mahali popote.

"Ni mranaha," alisema. "Mpigie."

Watu wa Pwani huuita hivyo. Kwenye lebo ni *Datura stramonium*. Huota kwenye mashamba ya mahindi, mbegu zake huingia kwenye majani ya kulishia ng'ombe na samadi, na lori likazileta kwa Imali pamoja na mbolea aliyoilipia. Alipochuma alfajiri, kwa haraka, kona ile moja ilimpa fungu moja. Watoto wa ukoo mmoja hufanana. Lisutsa na mranaha katika wiki zao za kwanza ni kama binamu waliovalishwa sare ya shule.

Nilimpigia daktari Muhonja. Alinishukuru, halafu akasema Ayuma ameaga dunia. Kaka yake na mama yao wangepona.

Tuliporudi sokoni meza ya tatu ilikuwa imelala kifudifudi. Hapakuwa na watu wengi tena; walikuwa wamekwenda kwa Imali nyumbani, na tulikuwa tunauona moshi. Yeye mwenyewe alikuwa amelazwa kwenye sakafu ya duka la mwuza chumvi, ambaye ndiye aliyemvuta ndani na kufunga mlango. Mkono wake wa kulia ulivunjwa mahali pawili na jiwe. Alituona, akauliza kama tumelipata.

"Tumelipata, Mama," Lihanda alimwambia. "Limetoka kwenye mbolea."

"Sasa si muwaambie," alisema.

Mwuza chumvi alitoka kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Mimi nilitoka nikaokota mafungu yake yaliyokanyagwa. Yalikuwa kumi na moja. Sikujua nitayafanyia nini. Niliyabeba hadi bandani, na usiku ule mimi na Lihanda tuliyafungua yote na kuyaangalia jani kwa jani. Tulifanya hivyo kwa sababu ndiyo kazi tuliyoijua.

Ayuma alizikwa Jumamosi. Lihanda aliomba kusema neno. Kwetu mtu akiomba neno matangani hanyimwi. Alisimama kando ya kaburi na kopo la rangi ambamo tulikuwa tumepanda visiki viwili, na akaeleza: lori, mbolea, kona ya shamba, majani ya mbegu. Alieleza vizuri. Sijawahi kumsikia akieleza vizuri kuliko siku ile. Watu walilitazama kopo. Lilikuwa na vijiti viwili na vichipukizi vya kijani.

Wycliffe ndiye aliyemjibu, bila hasira, kama mtu aliyechoka.

"Mzee, kwani si ni wewe ulinikatalia? Ulisema kitu bila ua hutaji. Hicho kina ua?"

Lihanda alisema hakina.

"Basi hata wewe hujui. Unamwonea tu huruma."

Nawaambia ninyi mnaoshika kazi hii: watu walituamini. Hawakuidharau sayansi. Waliishika kama tulivyowapa, sheria yetu mdomoni mwao, na ikatufunga. Polisi waliandika walichoandika. Hakuna aliyeonekana akirusha jiwe. Imali alitolewa hospitali na ndugu zake wakamchukua kwao Butere.

Visiki vilikua. Niliviweka nyuma ya banda, ndani ya waya, mbali na mbuzi na watoto, na nikavimwagilia kila asubuhi kabla ya chai. Ni jambo la ajabu kuutunza mmea kama huo. Majani yalipanuka, meno yakajitokeza, na wiki baada ya wiki nilichuma moja na kulibana, kwa sababu niliona kwamba hakuna aliyewahi kuyaweka kwa mfuatano. Ua lilifunguka jioni moja, jeupe, refu kama tarumbeta, lenye harufu nzuri. Ukiliona hutaamini.

Lihanda hakutaka kuja nami. Nilikata tawi lenye ua na tunda changa lenye miiba, nikabeba pia karatasi zangu za majani ya kila wiki, nikaenda nyumbani kwa Wycliffe. Mkewe alinikaribisha, akanimiminia chai. Nilizipanga karatasi mezani, kutoka jani la kwanza hadi ua. Niliwaacha wazitazame. Yule kijana aliyepona, aliyekuwa darasa la tatu, aliweka kidole kwenye karatasi ya pili na kusema hiyo ndiyo ilikuwa kwa sahani.

Mke wa Wycliffe alifunika uso kwa leso. Wycliffe alifuata mstari wa majani kwa macho, mbele na nyuma, mara kadhaa. Kisha akaniuliza kama hizi karatasi zingekuwa bandani Jumanne ile ingechukua muda gani.

Nilimwambia dakika tano.

Alitoka nje, akakaa juu ya pikipiki yake bila kuiwasha.

Siku hizi kuna droo katika hifadhi ile yenye miche mitupu. Niliianza mimi, na Lihanda, kabla hajastaafu, alisaini lebo yake ya kwanza: kisiki kikavu, majani mawili ya mbegu, na chini yake maneno "bila ua". Ile methali yake ya uvumi sikuisikia tena. Alikufa nyumbani kwake, na mimi nilistaafu mwaka jana. Droo haijajaa. Ijazeni. Otesheni mbegu kwenye trei, chumeni mche ukiwa na majani mawili, manne, sita, bandikeni kwenye karatasi moja na mzazi wake. Msianze na miti adimu. Anzeni na mboga, halafu kila gugu linaloota katikati ya mboga.

Najua mna simu zinazotaja mimea kwa picha. Nami ninayo. Niliionyesha mche wa mranaha wenye majani manne, ikaniambia ni pilipili, kisha ikanionyesha namna ya kuipika. Simu hufundishwa na picha za watu, na watu hupiga picha maua. Ni kosa letu lile lile, limewekewa betri.

Na jifunzeni kusema "sijui" mbele ya mtu mwenye mgonjwa. Semeni mnachojua, semeni msichojua, na kabla hajafika mlangoni semeni pia ni mambo gani ya kawaida yangeweza kuleta kile msichokijua. Lori. Mbolea. Upepo. Msimwache mtu na shimo tupu ndani ya maelezo, kwa sababu atalijaza kabla ya kufika lami, na atalijaza na jirani.

Wycliffe alikuja bandani miezi michache baadaye na kuniomba nimsindikize Butere. Alikuwa na jogoo mkubwa chini ya kwapa, ingokho, kuku wa kuomba radhi, na mfukoni pesa alizochanga na wenzake wa stendi kwa ajili ya mabati ya nyumba. Imali alitupokea uwanjani kwa dada yake. Mkono ulikuwa umeunga vibaya. Alisalimia kwa wa kushoto. "Mulembe," alisema, akatupa viti.

Wycliffe aliongea kwa Kiluhya, akiangalia chini, na alisema yote. Imali alisikiliza mpaka mwisho. Jogoo alikubali, dada yake akampeleka jikoni. Pesa alizirudisha kwa mkono ule wa kushoto, akazikunja kwanza. Alisema nyumba haikuchomwa na mtu mmoja, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kuilipa, na kule hatarudi.

Kisha akanigeukia mimi. Aliniuliza kuhusu yale mafungu yaliyobaki mezani, kama ni kweli tuliyaangalia.

Nilimwambia tuliyaangalia jani kwa jani.

"Yalikuwa na hiyo kitu?"

"Hayakuwa nayo, Mama. Yalikuwa lisutsa safi, yote."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akamtazama Wycliffe. Akasema hayo basi ndiyo amlipe, kwa kuwa ni mboga nzuri na ilimwagwa. Kumi na moja, kila fungu thelathini. Wycliffe alihesabu noti na sarafu kwenye kiganja chake, shilingi mia tatu na thelathini.